Mwenye Deni ni Muuzaji, si Mnunuzi



Umezuka katika zama zetu hizi msiba wa biashara, nao umefika mpaka vijijini. Mtu huchukua fedha zake za halali, akazituma kwa simu kwa duka kubwa la mtandaoni ambalo hajui mlango wake uko wapi wala mwenyewe ni nani, kisha akakaa siku kumi, siku ishirini, mwezi mzima, akingoja mzigo. Mzigo usipofika, au ukifika kinyume cha picha, yeye mwenye fedha ndiye anayeinamisha kichwa. Huandika, "Samahani, naomba kuulizia." Hujibiwa na mashine. Huambiwa avute subira, naye hushukuru! Na mwezi wa pili hununua tena pale pale. Ukimuuliza kwa nini, husema: "Mimi ni mteja wao wa siku nyingi." Utadhani hizo siku nyingi ni hisani aliyotendewa yeye, kumbe ni hisani aliyowatendea wao.

Makala haya yana neno moja la kusema, na msomaji akilishika hilo yatosha. Mwenye kupokea fedha kabla ya kutoa mali ni mdaiwa, tangu dakika ile fedha zilipoingia mkononi mwake. Na mwenye kutoa fedha ni mdai. Haombi, anadai. Ukubwa wa duka haubadilishi hukumu hiyo, wala wingi wa matangazo yake, wala urefu wa mazoea. Wahenga wetu walikwisha kutuambia kwamba ahadi ni deni. Basi vipi aliyechukua ahadi na fedha pamoja?

KULIPA KABLA YA KUPOKEA

Wako wanaodhani kwamba kununua kitu usichokiona kwa fedha ulizotanguliza ni jambo lililozaliwa na intaneti. Sivyo hata kidogo. Bwana Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na miwili kabla ya mavuno. Hakuwakataza, kwani mkulima ana haja ya fedha za kulimia, na mnunuzi ana haja ya nafuu ya bei. Lakini aliwafunga kwa masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane.

Hiyo ndiyo biashara ya salam, na kila aliyesoma fiqhi ya Imamu Shafi akiwa kijana ameikuta katika mlango wa biashara. Mali hutajwa sifa zake mpaka isibaki tatizo. Fedha hukabidhiwa zote. Siku ya kukabidhi mali huwekwa. Na siku hiyo ikifika, mali ikawa haikupatikana, khiyari ni ya mnunuzi: akitaka atangoja, akitaka atavunja mkataba arudishiwe fedha zake. Tazama vizuri, msomaji: khiyari ni ya mnunuzi, si ya muuzaji!

Sasa linganisha na haya tunayoyaona. Duka linachukua fedha zote siku ile ile, hapo halina mchezo. Lakini muda linaandika kwamba mzigo "unakadiriwa" kufika baina ya siku hii na siku ile. Siku ile ikipita linasogeza tarehe bila kumuuliza mtu. Mnunuzi akitaka kuvunja mkataba anaambiwa mzigo umekwisha kutoka ghalani, hauwezi kufutwa. Akisema basi nitangoja, anakuta oda imefutwa na duka lenyewe kwa kuwa mali imekwisha. Khiyari zote mbili zimehama upande!

Na muda si jambo dogo. Mtazame mvuvi wa dagaa wa huku kwetu, katika vijiji hivi vya Nyegina, Mkirira na mwambao wote wa Ziwa Victoria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, leo wengi wamehamia taa za sola na betri. Mbalamwezi inapotanda, mitumbwi hupumzika, kwa kuwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Basi mvuvi ana siku zake za kuhesabu katika kila mwezi, na siku hizo zikipita zimepita.

Jirani yetu mmoja mvuvi aliagiza taa zake katika duka la mtandaoni ambalo alikuwa amekwisha kulinunulia mara nyingi. Aliahidiwa siku kumi, akapiga hesabu kwamba giza litamkuta na taa mkononi. Taa zilifika stendi ya Bweri, Musoma, siku ya thelathini na mbili. Giza lilikwisha kuja na kwenda. Alipanda bodaboda kwenda kuzichukua, akafungua boksi, akakuta taa ndogo za kutundika barazani. Alipolalamika alijibiwa kwamba anaweza kuzirudisha Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa nauli yake mwenyewe, kisha atapewa vocha ya kununulia vitu vingine katika duka lile lile.

Nakuuliza, msomaji: mtu huyu amepoteza nini? Taa peke yake? Amepoteza mwezi wa riziki, na vijana wawili anaokwenda nao ziwani wamepoteza sehemu yao. Wale walioko ofisini wanaona katika daftari lao oda moja iliyochelewa.

PICHA NA NYOTA

Katika siku za Mtume (S.A.W.) walikuwako wauzaji waliomwacha mbuzi au ngamia siku kadhaa bila kumkama, kiwele kikajaa, kisha wakampeleka sokoni. Mnunuzi akiona kiwele kikubwa alidhani amepata mnyama mwenye maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alikataza hila hiyo, na akampa mnunuzi siku tatu za kumjaribu mnyama. Akiridhika atabaki naye, asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokama.

Je, picha iliyokuzwa, iliyong'arishwa, iliyopigwa kwa kitu kisichokuwa kile kinachouzwa, si kiwele kilichojazwa? Viatu vinaonekana vya ngozi, kumbe ni plastiki. Ndoo inaonekana ya lita ishirini, kumbe vipimo vimeandikwa chini kwa herufi za kumshinda hata mwenye miwani. Muuzaji hujitetea kwamba "vipimo vilikuwako." Naam, na kiwele nacho kilikuwako! Hukumu yaangalia kusudi la picha: iliwekwa ili kubainisha, au iliwekwa ili kudanganya?

Kisha tuje kwenye nyota na sifa zinazoandikwa chini ya kila bidhaa. Sharia imekataza najshi, nayo ni mtu kujitia mnunuzi na kupandisha bei au kuisifu mali, hali hana nia ya kununua, ila awavute wengine. Anayelipwa kuandika sifa za kitu asichokitumia, na duka linalozifuta lawama likaacha sifa, hao wamefanya najshi kwa vidole badala ya ulimi. Na mwenye kudhulumiwa zaidi ni mteja mwaminifu, kwa kuwa yeye ndiye anayeziamini.

UAMINIFU WA UPANDE MMOJA

Msomaji atasema: "Lakini haya ni makampuni makubwa ya dunia, hayawezi kuharibu jina lao kwa ajili ya taa za mvuvi." Basi na tuyatazame mambo yaliyokwisha kutangazwa, ambayo kila mtu aweza kuyajua.

Kampuni ya Jumia ilianza Lagos, Nigeria, mwaka 2012, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Tarehe 12 Aprili 2019 hisa zake ziliingia katika soko la hisa la New York kwa bei ya dola 14.50 kila moja, na watu wengi wakalifurahia jambo hilo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba imegundua oda zilizowekwa kisha zikafutwa, ambazo zilivimbisha hesabu za mauzo. Na ilipofika mwisho wa Novemba 2019, ilifunga biashara yake ya kuuza bidhaa hapa Tanzania.

Simlaumu mfanyabiashara kwa kufunga duka. Kufunga ni haki yake iwapo amelipa anayodaiwa. Ninalotaka ulione ni hili: kampuni huamua kuja kwa hesabu na huondoka kwa hesabu. Haikai kwa ajili ya mteja wa siku nyingi. Basi kwa nini mteja wa siku nyingi ndiye peke yake anayeacha hesabu akashika mahaba?

Wala usidhani kwamba haya ni ya bara letu tu. Marekani ndiko lilikozaliwa duka la Amazon, lililoanza kuuza vitabu mwaka 1995 na leo huuza karibu kila kitu. Wateja wake waaminifu kuliko wote ni wale wanaolipa ada ya uanachama uitwao Prime. Mwaka 2023 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliishitaki kampuni hiyo, ikadai kwamba watu waliingizwa katika uanachama bila ridhaa iliyo wazi, na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa ndefu na ngumu. Katika madai hayo ilielezwa kwamba ndani ya kampuni njia hiyo ya kujitoa iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Kiyunani wa vita! Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, na katika hizo bilioni 1.5 ni za kurudishiwa wateja, ingawa haikukiri kosa.

Fikiri, msomaji. Fedha hizo hazikutoka kwa sababu wateja walivuta subira. Zilitoka kwa sababu zilidaiwa.

UDHURU WAO NA MAJIBU YAKE

Udhuru wa kwanza ni kwamba duka husema: "Sisi ni soko tu, muuzaji ni mwingine." Jawabu ni nyepesi. Fedha nimeziweka katika mkono wa nani? Aliyezipokea ndiye wa kuulizwa kwanza. Kama naye ana mwenzake wa kumdai, na aende akamdai, nguvu anazo kuliko mimi. Dalali wa mnadani akipokea fedha za ng'ombe kisha ng'ombe asionekane, hatuendi kumtafuta mchungaji porini. Tunamshika dalali.

Udhuru wa pili ni masharti. Husema: "Ulikubali masharti yetu ulipobonyeza." Katika kisa cha Barira, aliyekombolewa na Bibi Aisha, Mtume (S.A.W.) alitangaza juu ya mimbari kwamba sharti lililo kinyume cha Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia. Na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa ametukataza kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana. Ridhaa gani iliyomo katika kurasa arobaini za lugha ya kigeni, anazowekewa mtu aliyekuja kununua taa?

Udhuru wa tatu ni bei. Husema: "Vitu vyetu ni rahisi, mnataka nini zaidi?" Tunataka kile tulichokinunua! Bei ndogo hupunguza fedha za mnunuzi, haipunguzi amana ya muuzaji. Tena rahisi huzaa ghali: hesabu nauli ya kufuata mzigo Musoma, hesabu vocha za simu za kuulizia, hesabu usiku wa giza uliopotea, kisha uniambie urahisi uko wapi.

Udhuru wa nne hutoka kwetu wenyewe, nao ndio mbaya zaidi. Husemwa: "Mvumilivu hula mbivu." Kweli, lakini ni mvumilivu aliyepanda mti. Subira ni ya kumkabili Mwenyezi Mungu katika kadari yake, ya maradhi, ukame na msiba. Kumnyamazia mwenye uwezo anayekuchelewesha haki yako hakuitwi subira. Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma. Nani tajiri kuliko duka lenye maghala katika nchi kumi?

Wengine huogopa kwamba kulalamika hadharani ni kusengenya. Lakini imepokewa vilevile kwamba mwenye uwezo akichelewesha haki ya mtu amehalalisha kusemwa. Sema uliyotendewa, usiongeze wala usitukane, basi hukumsengenya mtu.

MDAI ANA KAULI

Yuko mtu mmoja aliyekuwa akimdai Mtume (S.A.W.) ngamia. Alikuja akadai kwa maneno makali, mpaka Masahaba wakataka kumshika. Mtume (S.A.W.) aliwazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana kauli. Kisha akaamuru alipwe ngamia wa umri ule ule. Hakupatikana ila aliye bora kuliko huyo, naye akaamuru apewe huyo huyo aliye bora.

Huyo ndiye mdaiwa mkubwa kuliko wote waliopata kutembea juu ya ardhi, na hiyo ndiyo heshima aliyompa mdai wake. Hakumwambia avute subira. Hakumpa vocha. Hakumtuma Dar es Salaam kwa nauli yake. Alimwacha aseme, akamlipa zaidi. Basi duka gani hili la leo, ambalo ukubwa wake unalizuia kumsikiliza mvuvi?

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul-Baqara inayoamrisha kuandikiana deni la muda. Mali bila daftari hupotea bila habari. Unapotuma fedha, hifadhi picha ya tangazo, sifa zilizotajwa, siku iliyoahidiwa na namba ya muamala. Usitegemee kumbukumbu za duka, kwani tangazo laweza kubadilishwa usiku mmoja.

Pili, fungua mzigo mbele ya anayekukabidhi kila inapowezekana. Ukikuta aibu, sema papo hapo wala usikitumie kitu. Maulamaa wa Kishafi wamesema kurudisha kwa aibu ni kwa haraka, na anayekitumia akijua aibu yake amejifungia mlango mwenyewe.

Tatu, dai kwa tarehe. Usiandike "naomba kuulizia." Andika: "Nilikulipa siku fulani, uliahidi siku fulani, siku imepita. Nirudishie fedha zangu kabla ya siku fulani." Na ukiletewa vocha ambayo hukuikubali, ikatae. Ulitoa fedha, basi kinachorudi ni fedha.

Nne, tusidai mmoja mmoja. Nchi yetu ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo. Iko vilevile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, yenye sehemu inayomhusu mnunuzi wa mtandaoni. Barua ya mtu mmoja huwekwa chini ya nyingine. Barua ya watu ishirini wa kata moja, yenye tarehe na namba za miamala, ni vigumu kuwekwa chini. Vijana wetu wanaojua mambo ya simu wawasaidie wazee wao katika jambo hili, na watapata thawabu.

Tano, tuhamishe uaminifu wetu. Wako vijana wa Musoma na Bunda wanaouza kwa simu, ambao ukipigwa unajua utawakuta wapi. Wakikuletea kibovu wanakibadilisha, wakichelewa wanakupigia. Hao ndio wanaostahili kuitwa "duka langu." Pengine watakuuzia kwa shilingi elfu mbili zaidi, lakini hizo elfu mbili ni bei ya usingizi wako.

NENO KWA MNUNUZI DHALIMU

Uadilifu wataka tuseme na upande wa pili. Wako wanunuzi wanaoagiza mali ya kulipia wakati wa kupokea, mleta mzigo akafika kwa jua kali, wao wakazima simu. Wako wanaovaa nguo kwenye harusi siku ya Jumamosi na kuirudisha Jumatatu wakidai haikuwatosha. Wako wanaoandika lawama za uongo ili wapunguziwe bei. Hao nao wamekula haki ya mtu, na ole uliotajwa katika Suratul-Mutaffifin kwa wenye kupunja unawahusu. Wao hujipimia kwa ukamilifu, na wakiwapimia wengine hupunguza. Huwezi kudai haki kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeficha dhulma.

Ama kwenu wenye maduka makubwa, popote mlipo: fedha mlizopokea na mali hamkutoa ni deni shingoni mwenu, liandikwe kwa kalamu au kwa kompyuta. Mashine yenu ya kujibu wateja yaweza kumchosha mvuvi akaacha kuuliza. Lakini kuacha kuuliza hakufuti deni, na iko Siku ambayo mdai hatajibiwa na mashine.

Nawe msomaji, mwezi huu ukiwa na mzigo wako usiofika, usiandike tena "samahani." Wewe si mwombaji. Mlipwe haki yako, wewe na mvuvi wa Nyegina.